Chunusi za Kidevuni na Sukari ya Damuni

Kila unywele usoni, hata ule usioonekana kwa urahisi, umeota ndani ya kijishimo chenye tezi inayotoa mafuta ya ngozi. Tezi hiyo huamriwa na homoni ziitwazo androjeni, testosteroni ikiwemo. Watu huziita homoni za kiume, lakini mwanamke naye huzitengeneza, kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Zikizidi, au tezi ikiwa nyepesi kuzipokea, mafuta hujaa, seli zilizokufa huziba mdomo wa kijishimo, bakteria waishio humo huongezeka, na ngozi huvimba. Hiyo ndiyo chunusi.

Kwa mwanamke mtu mzima hupenda kidevu na taya, na hupamba moto siku chache kabla ya hedhi. Wengi wakipimwa, homoni zao ni za kawaida kabisa. Tezi zao tu ndizo nyepesi.

Ila kwa wale ambao androjeni zimezidi kweli, lazima tuulize: zimezidishwa na nini? Mara nyingi ni insulini. Kongosho hutoa insulini ili sukari itoke kwenye damu iingie kwenye seli. Seli zikianza kuikaidi, kongosho huongeza dozi. Sasa tatizo ni hili: ovari haikaidi. Insulini ile nyingi huichochea itengeneze testosteroni zaidi, na huko kwenye ini hupunguza protini inayoishika testosteroni isifanye kazi. Basi yai halikomai, hedhi huruka miezi, ndevu huota, chunusi hushamiri.

Hali hii, polycystic ovary syndrome, au PCOS kwa kifupi, ilielezwa na madaktari Irving Stein na Michael Leventhal huko Chicago mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajui. Ikiachwa, huongeza hatari ya kisukari. Na kwa kuwa utando wa mji wa mimba hukaa muda mrefu bila kutoka, hatari ya saratani yake hupanda pia.

Inaniuma kuona binti mwenye dalili hizi akiuziwa mkorogo. Krimu hizo za kujichubua, zikiwa na steroidi, huleta chunusi zenyewe.

Dada, ikiwa chunusi zako zimeandamana na hedhi inayoruka au ndevu, mweleze daktari yote kwa pamoja, na uombe upimwe sukari.