Somo la Mwezi: Jinsi Itupasavyo Kumkumbuka Mtumishi wa Watu



Mzee aliyekuwa mtumishi wa Serikali akifa, watu hukusanyika, na mmoja wao husimama akasoma habari za maisha yake. Husoma mwaka aliozaliwa, shule alizosoma, na vyeo alivyopewa kimoja baada ya kimoja. Kisha hukunja karatasi yake akaketi. Nyuma ya watu wazima wamesimama vijana, nao husikiliza. Je, wamejifunza nini? Wamejifunza ya kuwa ukubwa wa mtu ni vyeo vyake. Hatukukusudia kuwafundisha neno hilo, walakini tumewafundisha.

Basi yatupasa sisi wazee wa kanisa na waalimu, ambao mara nyingi twaombwa kusema penye msiba, tujue namna ya kumkumbuka mtu kwa haki. Katika somo hili tutatazama maisha ya mtu mmoja, Martin Kayamba. Hakuwa wa kanisa letu la Kilutheri, alilelewa na misheni ya Kiingereza ya UMCA. Lakini kazi yake iliyo kubwa aliifanya Tanga, na faida yake iliwafikia wengi.

1. Habari za maisha yake

Alizaliwa mwaka 1891 huko Mbweni, Unguja. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni, mtu aliyepata kusoma hata Uingereza. Mwana naye alisoma Kiungani, shule kubwa ya UMCA katika kisiwa kile. Alipokuwa kijana alisafiri akafanya kazi Kenya na Uganda. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza alikuwa katika nchi ya Wajerumani, naye akafungwa pamoja na watu wengine wa misheni ya Kiingereza. Alipofunguliwa akaingia kazi ya Serikali ya Waingereza huko Tanga, akapanda hata akawa mkubwa wa makarani katika ofisi ya wilaya. Mwaka 1932 aliitwa Dar es Salaam katika ofisi kuu ya Serikali, akapewa cheo kikubwa kuliko karani Mwafrika ye yote wa Tanganyika wa siku zile. Alistaafu mwaka 1938, wala hakuishi siku nyingi baada ya hapo.

Haya ndiyo ambayo angeyasoma yule msomaji wa msibani. Yote ni kweli, lakini bado hatujamjua mtu mwenyewe. Tuendelee.

2. Kazi aliyoifanya nje ya ofisi

Siku zile makarani Waafrika walikuwa wachache, tena walitoka mahali mbalimbali. Mmoja ni Mbondei, wa pili Mdigo, wa tatu ametoka Unguja. Huyu Mkristo, yule Mwislamu. Ofisi ikifungwa kila mtu alirudi kwa watu wake. Mwaka 1922 Kayamba aliwakusanya, wakaanzisha chama cha Waafrika watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Wakawa na mahali pa kukutana, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakazungumza mambo ya kazi yao pamoja.

Mtu aweza kusema, Mpira na magazeti ni kitu gani? Tusidharau. Kijana aliyetoka kijijini juzi, mwenye mshahara mkononi na jioni isiyo na kazi, ni rahisi kupotea mjini. Akiwa na mahali pa kwenda, na wakubwa wa kumwangalia, na gazeti la kumfundisha habari za dunia, amesaidiwa sana. Tena Mkristo na Mwislamu waliokuwa upande mmoja wa mpira, wakalisoma gazeti moja, hawawezi kuwa wageni tena. Hakuna cheo kilichomlazimisha Kayamba kufanya haya, wala hayakuwa sehemu ya kazi yake ya ofisini. Alikuwa na njia ya kupanda peke yake, naye akataka wengine wapande pia.

3. Neno alilolisema alipotumwa

Hapa pana swali gumu, nasi tusiliepuke. Kayamba aliitumikia serikali ya wageni. Je, mtu wa namna hiyo aliwatumikia watu wake, au aliwatumikia waliomlipa?

Tutazame jambo la mwaka 1931. Bunge la Uingereza lilikuwa likichunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waafrika watatu wa Tanganyika waliitwa London watoe ushahidi: Mtemi Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba. Wote watatu walisema kwamba watu wao hawautaki muungano ule. Ni kweli kwamba Gavana Donald Cameron naye alikuwa ameupinga, kwa hiyo hatusemi ya kuwa walisimama peke yao. Lakini kusimama mbele ya wakubwa wa ufalme, katika mji wao wenyewe, na kusema wazi neno la watu walio mbali, si jambo dogo. Mwisho wake baraza lile lilisema ya kuwa wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika.

Alipokwisha kurudi, Kayamba aliandika habari za safari ile kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1932. Jina la kitabu ni Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Angalieni jina hilo. Hakuandika nilivyoona, aliandika tulivyoona, maana aliwakumbuka wenzake wawili. Tena hakuiweka safari iwe sifa yake nyumbani, aliitoa iwe masomo ya wale ambao hawatapanda meli kamwe.

4. Upungufu wa kazi yake

Kumsifu mtu kupita kiasi ni kumdanganya aliye hai, wala hakumfaidii aliyekufa. Chama cha Tanga kilikuwa cha watumishi wa Serikali tu. Mkulima wa Bonde na mtu wa kazi katika mashamba ya mkonge hawakuwa na nafasi ndani yake. Mwaka 1929 kilianzishwa Dar es Salaam chama cha Waafrika kilichofungua mlango kwa upana zaidi. Ndicho kilichogeuka kuwa TANU mwaka 1954. Mlango mdogo wa Tanga ulifunguliwa kwanza, na wengine wakaupanua. Kazi njema haina budi kumaliziwa na watu wengine.

5. Mafundisho

Basi ukiombwa kusema habari za marehemu, usiache kutaja miaka na vyeo vyake, maana ni haki yake. Lakini uulize kwanza nyumbani kwake na kwa majirani mambo haya matatu. Alifanya nini baada ya saa za kazi, ambalo hakulipwa? Alipoweza kunyamaza ili apendeze wakubwa, alisema nini? Ni kijana gani aliyepanda kwa kushikwa mkono naye? Kama kijana huyo yupo, mwambie asimame aseme mwenyewe. Neno lake moja lapita karatasi nzima ya vyeo, na vijana walio nyuma watasikia ya kuwa ukubwa wa mtu ni wale aliowainua.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano

1. Ni nani katika usharika wetu anayewalea vijana bila mshahara, naye hatujamshukuru angali hai?
2. Vijana wetu wakimaliza kazi jioni huenda wapi, na nani awaangalia?
3. Ni mlango gani uliofunguliwa na wazee wetu nusu, ambao sisi twapaswa kuufungua kabisa?