Bi Kidude alikula wapi?



BIBI: Kaa hapo jamvini, chambua karafuu huku unasema. Makonyo tia kwenye pakacha lile.

MJUKUU: Wimbo wangu ulipigwa redioni wiki mbili tatu, sasa kimya. Nataka kujua Bi Kidude aliwezaje. Ameimba tangu miaka ya 1920 mpaka amefia hapo Bububu, Aprili 2013. Zaidi ya miaka themanini!

BIBI: Hujauliza vizuri. Uliza alikula wapi miaka yote hiyo.

MJUKUU: Si kwenye muziki?

BIBI: Muziki upi? Santuri yake mwenyewe, ile ya *Zanzibar*, imetoka Uingereza mwaka 1998, naye keshakuwa kikongwe. Tuzo ya WOMEX kapewa 2005. Hao wageni wanaopita hapa kutazama hamamu ya Sultani Seyyid Said, ukiwauliza, watakwambia Bi Kidude ni wa majukwaa. Wamemkuta mwishoni.

MJUKUU: Kabla ya hapo?

BIBI: Unyago. Akiwacheza wari, akifanya dawa za miti shamba, akitengeneza wanja na hina. Watoto wa kike hawaishi kuvunja ungo, na harusi haziishi. Mtu mwenye kazi hizo hangoji redio imkumbuke. Taarab ikipoa, yeye ana ngoma yake. Taarab ikipamba moto, wanamfuata huko huko.

MJUKUU: Na ndani ya unyago wanaimba nini?

BIBI: Weye mwanamume, huko huingii. Nitakalokwambia ni hili: ngoma ya msondo aliifunga kiunoni kwa kanga, akasimama nayo miguu kaitanua, akapiga na kuimba usiku kucha bila ya spika. Ndiyo maana sauti yake ikawa nzito vile, inakwaruza, na bado inasikika mpaka nyuma ya watu. Studio haikupi sauti hiyo. Inakurekebishia uliyonayo.

MJUKUU: Lakini nyimbo nyingi alizoimba ni za Siti binti Saad. Leo wangesema kaiba.

BIBI: Wangesema, ndiyo. Siti kazaliwa Fumba, akiuza vyungu, kisha akaitia taarab Kiswahili wakati kasri ya Sultani ikisikiliza Kiarabu. Mwaka 1928 akasafiri na wenziwe mpaka Bombay kurikodi. Bi Kidude, tangu utotoni, alikuwa akimsikiliza na kuzishika nyimbo zake. Siti akafa 1950, na mwanafunzi akaendelea nazo miaka sitini na zaidi, akiongeza beti, akipunguza, akitia mzaha wake. Wimbo haukukaa kama ulivyokuwa kwenye santuri. Kwangu mie huko nako ni kutunga, ijapokuwa wako watakaonibishia.

MJUKUU: Kwa hiyo na mimi nichukue za wazee?

BIBI: Chukua, lakini taja mwenyewe. Na zako ziandikishe COSOZA, kwa watu wa hakimiliki, kabla hujampa mtu. Bi Kidude kazunguka Ulaya na Japani, akirudi anarudi kwenye nyumba yake ndogo Ng'ambo. Makofi mengi, pesa haba. Hapo usimfuate. Wala kwenye sigara.

MJUKUU: Alivuta kweli?

BIBI: Hadharani! Na watu wakisema. Utotoni wametaka kumuoza asikotaka, katoroka akavuka bara. Mtu wa hivyo ataogopa maneno ya barazani?

MJUKUU: Mie nilidhani wazee hawapendi muziki wetu. Halafu nikamsikia kwenye "Ahmada" na Offside Trick.

BIBI: Sasa hapo ndipo nilipompenda zaidi. Vijana wana mashine zao, yeye kaingia na sauti ile ile ya unyagoni, hakuibadilisha hata kidogo, na wimbo ukamkubali. Hakujifanya kijana. Wako waimbaji wa umri wangu wanaojipaka na kujibana ili wafanane na nyie; sitawataja.

MJUKUU: Basi nifanye nini sasa, bibi?

BIBI: Kwanza hizo karafuu unazichanganya na makonyo, mnunuzi atanikata bei. Pili, Ijumaa jirani yetu anaoza. Hana uwezo wa kukodi vyombo. Njoo uimbe uani, mdomo mtupu, na wanawake wale wakikuchoka watakwambia pale pale.

MJUKUU: Mbele ya watu wote, bila mdundo?

BIBI: Mdundo nitapiga mie.