Tuyo za chumba cha baridi: mambo matano ya kuangalia mbele ya kulipa fundi



Hapa Kisangani, samaki ya Wagenia na boga za mashamba yetu zinaoza haraka juu ya joto na unyevu. Koperative yenye kununua chumba cha baridi inaweka ndani franka za memba wote. Hata kama umeme wa baraji ya Tshopo unafika bila kukatika, tuyo yenye kuvuja haitapoesha kitu. Sisi maagronomu hatuchomelei shaba, ni kazi ya fundi wa frigo. Lakini mwenye mali anapaswa kujua kile analipia.

Gazi inachukua joto ndani ya chumba, kompresa inaisukuma, na kondensa, ile yenye helisi, inatupa joto hiyo inje. Tuyo nyembamba inapeleka gazi iliyogeuka maji. Tuyo nene inairudisha kwenye kompresa. Basi muangalie hivi:

1. Pahali pa kondensa. Ikae kwenye kivuli na penye hewa. Musiibane na ukuta wala kuifungia pamoja na jenereta: itavuta tena hewa yake ya moto, itakula umeme mwingi, na chumba hakitapoa vizuri.

2. Kukata. Fundi atumie kikata-tuyo, si musumeno, juu vumbi ya shaba inaharibu kompresa. Ncha za tuyo zikae zimefunikwa mpaka saa ya kuunganisha. Unyevu ukiingia, unazaa asidi ndani ya mafuta, ao unaganda na kufunga njia.

3. Kuchomelea. Inaomba azoti kidogo ipite ndani ya tuyo wakati wa moto. Bila hiyo, maganda meusi yanafanyika ndani na kisha yanaziba.

4. Mutelemuko. Tuyo nene itelemuke kidogo kuelekea kompresa, ili mafuta yarudi. Kama kompresa iko juu, tuyo ikunjwe kama herufi U chini, mbele ya kupanda. Ivalishwe mupira wa kuzuia joto urefu wote. Pahali palipo wazi patatoa jasho.

5. Kupima. Fundi ajaze azoti, apake maji ya sabuni kwenye viungo vyote, na aache mpaka kesho yake, saa ileile. Sindano ya manometa ikishuka, kuna tundu. Oksijeni hapana kabisa: ikikutana na mafuta inalipuka. Kisha pompe ivute hewa mpaka mikroni 500 ao chini. Pompe ikifungwa, kipimo kisipande juu. Mwishoni gazi ipimwe kwa mizani, kufuatana na etiketi ya mashini.

Muandike mambo haya matano ndani ya mukataba, na sehemu ya mwisho ya malipo ibaki kwa mutunza-sanduku mpaka kipimo kisomwe mbele ya memba wawili. Siku ya azoti, memba hao wasimame karibu na fundi na kuandika namba kwenye kaye ya koperative. Gazi ikiisha mapema, kaye hiyo ndiyo itasema kama tuyo zilipimwa.