Makaburini Kuna Uhai

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Wahenga walinena usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliionja mwaka huu, tena mahali ambapo hungedhania: makaburini.

Kwetu ni karibu na Runyenjes, Embu. Nyuma ya kanisa letu kuna kipande cha ardhi walikozikwa Wakristo wa mwanzo. Siku hizi hakuna anayezikwa hapo, maana kila jamaa huzika mtu wake shambani mwake. Basi pamebaki vivyo hivyo: mugumo mmoja mkubwa, muiri mmoja, miringa mitatu na vichaka tele. Likizo ya Aprili, vijana tulitumwa kufyeka. Kamati ilitaka miti ikatwe, vijengwe vibanda vya kukodisha ili kanisa lipate pesa za paa jipya. Sitawaficha, mimi nilifurahi. Ati nani anapenda kupita kwenye popo na nyoka akitoka kwaya jioni?

Cucu alinikuta nimeshika panga. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, mama yangu amelala chini ya huo muringa. Hatukuwa na pesa za jiwe. Huo mti ndio jiwe lake. Mkiukata, mtajuaje yuko wapi?"

Panga likawa zito mkononi. Shule zilipofunguliwa nikamweleza mwalimu wetu wa Bayolojia. Akanijibu, "Kabla ya kulia, hesabu." Haya basi ndiyo niliyojifunza.

Asili ya makaburi yetu

Zamani Waembu na Wameru hawakuwazika watu wote. Maiti wengi walilazwa kichakani na fisi wakawachukua. Wazee wenye hadhi ndio waliozikwa. Viwanja vya makaburi vilikuja na wamishonari, waliofika Kigari mwaka wa 1910, Kaaga mwaka wa 1912 na Chogoria mwaka wa 1922.

Hata hivyo, wazee walikuwa na mahali pao patakatifu. Huku Embu tuna kichaka cha Mwenendega, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa baba wa Waembu. Meru kuna msitu wa Giitune, karibu na mji. Huko mti haukukatwa ovyo. Mugumo nao ulikuwa mti wa sala na sadaka, na aliyeugusa kwa shoka alijitafutia laana. Upande wa Mbeere, vichaka vingi vya namna hiyo vilikatwa baada ya ardhi kupimwa na kugawanywa kwa hati. Kumbe kilichoilinda miti hiyo hakikuwa ua wala askari. Ilikuwa heshima. Heshima ilipoondoka, shoka likaingia.

Tulichokiona

Mimi na wenzangu wawili tulipima mraba wa hatua kumi kwa kumi makaburini kwa kamba, kisha mwingine kama huo katika shamba la mahindi jirani. Kila aina ya mmea tuliiandika. Shambani tulijaza mistari minne. Makaburini tulijaza ukurasa mzima, na mengine hatukuyajua jina hadi Cucu alipoitwa.

Hebu tuanze na mugumo. Tunda lake ni kama kifuko, na maua yamo ndani, huyaoni. Nyigu mdogo kuliko sisimizi hupenya kwenye kitundu, hutaga mayai humo na kuyachavusha maua, kisha hufia humo humo. Watoto wake wa kike hutoka na chavua na kwenda kutafuta tunda jingine. Bila nyigu huyo mugumo hauzai mbegu. Bila mugumo naye hana pa kuzaa. Fauka ya hayo, migumo haizai yote kwa msimu mmoja. Kwa hivyo ndege, popo na nyani hupata chakula hata wakati mengine yamekauka. Popo niliokuwa nikiwaogopa ndio wanaozisambaza mbegu hizo.

Muiri nao gome lake hutengenezewa dawa ya tezi ya wanaume wazee. Umebambuliwa sana Afrika hata ukawekewa masharti ya biashara ya kimataifa mwaka wa 1995.

Juu ya mawe ya makaburi kuna madoa ya kijivu. Mimi nilidhani ni uchafu. La hasha! Ni laikeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama mke na mume. Hukua polepole sana, na hewa chafu huwaua wengi wao. Tena ndani ya shina la muiri mlikuwa na nyuki, ambao huongeza mazao ya kahawa na makadamia ya majirani.

Si sisi pekee tulio na hazina hizi. Misitu ya kaya za Wamijikenda kule Pwani, yenye makaburi ya wazee wao, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Huko Scotland, katika ua wa kanisa la Fortingall, kuna mti unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kanisa lilikuja, likaukuta.

Uamuzi wa kamati

Tulipeleka orodha yetu kwa kamati. Mzee mmoja akatuuliza, "Wanangu, nyigu watatuezekea kanisa?" Swali lilikuwa la haki, maana mvua hutunyeshea tukiwa ibadani. Tukapendekeza vibanda vijengwe mbele, kando ya barabara, ambako ni nyasi tupu. Walikubali. Mugumo, muiri na muringa wa mama yake Cucu viliachwa. Miringa miwili ilikatwa ikapasuliwa mbao za viti.

Katika mmoja wa ile miwili mlikuwa na tundu la hondohondo. Jike hujifungia tundumoni kwa udongo akiacha ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia hapo mpaka watoto wakue. Anahitaji mti mzee wenye tundu. Mche tutakaopanda leo hautamfaa hata nikiwa babu. Jumapili iliyopita nilikalia kimojawapo cha viti hivyo vipya. Ni kiti kizuri, lakini hondohondo hawajarudi.

Basi mwanachama mwenzangu, kabla kwenu hakujafyekwa, chukua kamba, kalamu na daftari. Hesabu, halafu mwulize mzee majina. Ukiingia makaburini, ingia kwa adabu, usiguse jiwe wala kuvunja tawi. Walio chini wamenyamaza, lakini walio juu yao bado wanaimba.