"Nimekufa tena!" Kwa nini vijana hufurahia michezo inayowashinda

Mama mmoja mkazi wa Buruburu, Nairobi, alifika katika zahanati yangu akiwa amefuatana na mwanawe wa miaka 19. Kijana alibaki kwenye benchi la nje. Mama aliingia peke yake, akafunga mlango, akaketi na kuninong'onezea: "Daktari, kijana wangu anataka kufa."

Nilimwuliza amejuaje. Akanieleza kwamba chumba chake na cha mwanawe vinatenganishwa na ukuta mwembamba, na kila usiku humsikia akisema, "Nimekufa. Nimekufa tena. Aaa, nimekufa!" Hali hiyo ilikuwa imeendelea kwa majuma matatu. Kijana alikuwa amepata D+ katika mtihani wa KCSE, na tangu matokeo yatangazwe alikuwa amepunguza mazungumzo na watu wa nyumbani.

Mpenzi msomaji, neno kama hilo daktari halichukulii kwa mzaha, hata akihisi kwamba yamkini kuna maelezo mengine. Nilimwomba mama atupishe, nikamwita kijana, nikamwuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujitoa uhai. Wazazi wengi huogopa kuuliza swali hilo wakidhani litamtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Sivyo. Aghalabu swali hilo humpa mtu nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake.

Kijana alinitazama kwa mshangao, kisha akaangua kicheko. Aliyekuwa akifa, alisema, ni msichana wa katika mchezo wa tarakilishi. Kufikia siku hiyo alikuwa amekufa mara 2,314. Hesabu hiyo mchezo wenyewe ndio uliomwekea.

Nilifarijika, lakini mama alipoelezwa hakufarijika hata kidogo. Alitaka kujua ni mtu gani mwenye akili timamu anayeweza kushindwa mara 2,314 na bado akarudi. Swali hilo ni la haki, nami sikuwa na jibu la kumpa siku hiyo. Ndilo nililolifuatilia tangu hapo.

Mchezo wenyewe unaitwa Celeste, na ulitolewa mwaka 2018. Msichana aitwaye Madeline anapanda mlima. Picha zake ni za vinukta vikubwavikubwa kama zile za michezo ya miaka ya 1980. Haukutengenezwa na kampuni kubwa bali na kikundi kidogo kilichoongozwa na Maddy Thorson na Noel Berry, na umbo lake la kwanza lilitungwa kwa siku nne tu. Kuna michezo mingi ya jamii hiyo: inafanana na ya zamani, imetengenezwa na watu wachache wanaojitegemea, na ni migumu kupita kiasi. Super Meat Boy ya Wamarekani wawili ilitolewa mwaka 2010. Cuphead ya ndugu wawili wa Kanada, Chad na Jared Moldenhauer, ikatolewa mwaka 2017, na mwaka huohuo Team Cherry ya Adelaide, Australia, ikatoa Hollow Knight.

Ugumu huu una asili yake. Michezo mingi ya mwanzo ya video iliwekwa katika kumbi za burudani, na mchezaji alitumbukiza sarafu ili acheze. Mchezo uliomwua mteja upesi ulimfanya atumbukize sarafu nyingine. Mashine za nyumbani zilipokuja, mchezo mmoja haukuwa na nafasi ya kuhifadhi mambo mengi, kwa hivyo ngazi chache zilifanywa ngumu ili zisimalizike kwa siku moja. Sisi tuliokuwa watoto mapema miaka ya 1990 tunakumbuka zile mashine bandia na kaseti zake zilizodai kuwa na mamia ya michezo, kumbe ni ileile michache iliyorudiwarudiwa. Katika Contra ulipewa uhai mara tatu. Ukiisha, ndugu yako mkubwa ananyakua kile kidude cha vitufe ambacho vijana wa siku hizi hukiita padi.

Hawa watengenezaji wapya walifanya jambo ambalo kwanza nililiona dogo. Waliacha ugumu ulivyokuwa, wakaondoa gharama ya kushindwa. Katika Super Meat Boy, ukifa unarudishwa papo hapo mahali ulipoanzia, kabla hujapata hata nafasi ya kukasirika. Ukifaulu, mchezo hukuonyesha majaribio yako yote kwa pamoja, kundi zima la wewe likikimbia na kupukutika, hadi anabaki yule mmoja aliyefika. Katika Cuphead, unapouawa na jitu unalopigana nalo, unachorewa mstari unaoonyesha ulikuwa umefika wapi katika pigano hilo. Jana ulifia katikati. Leo umefia karibu na mwisho. Umeshindwa mara zote mbili, lakini si kushindwa kulekule.

Kijana wa Buruburu alilieleza jambo hili vizuri kuliko vitabu vyangu. "Daktari," alisema, "hapa nikianguka najua kwa nini. Niliruka mapema, au nilichelewa kushika ukuta. Kule kwingine niliambiwa tu D+."

Nilinyamaza. Mtihani wa KCSE huufanya mara moja, karatasi zako huzioni tena, na miaka minne ya masomo hurudi kwako ikiwa herufi. Si kazi ya daktari kusahihisha mitihani, lakini si vigumu kuona kwa nini kijana aliyepewa herufi bila maelezo atavutwa na kitu kinachompa maelezo mara 2,314.

Sasa tuangalie ndani ya ubongo. Wengi wamesikia kwamba dopamini ni kemikali ya raha. Kauli hiyo inarahisisha mambo mno. Katika miaka ya 1990, mtaalamu Wolfram Schultz alichunguza seli za dopamini za nyani waliopewa matone ya maji ya matunda. Tone lilipokuja bila kutarajiwa, seli zilichangamka. Nyani alipozoea kwamba taa ikiwaka tone linakuja, seli zilichangamkia taa, na tone lenyewe halikuzishtua tena. Taa ilipowaka na tone lisije, seli zilinyamaza kuliko kawaida. Kwa ufupi, seli hizo hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Hapo utaelewa kwa nini ushindi wa bure huchosha upesi. Anayejua kwamba atashinda hana la kumshtua. Aliyeanguka mara 80 mahali pamoja, kisha mara ya 81 akapita, amepata kitu ambacho ubongo wake ulikuwa haukitarajii.

Hata hivyo, dopamini pekee haitoshi kueleza. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi wa Chuo Kikuu cha Chicago aliwahoji wapanda miamba, wachezaji wa sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji, akachapisha matokeo mwaka 1975. Wote walimweleza hali ya kuzama katika kazi hadi mtu akasahau saa na nafsi yake. Hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapokaribiana na uwezo wa mtu. Kazi ikizidi uwezo, wasiwasi huingia. Ikipungua, mtu huchoka nayo. Mchezo mgumu uliotungwa vizuri huongeza ugumu kila unapoongeza ustadi, kama mwalimu mwenye subira ambaye hana wanafunzi wengine 60 wa kuwaangalia.

Mwaka 2006, Richard Ryan na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wachezaji wa michezo ya video. Waliona kwamba furaha yao iliendana na kuhisi kuwa wanaweza, na kuhisi kuwa wamechagua wenyewe. Neno hilo la kuchagua lina uzito. Katika Celeste kuna matunda ya stroberi yaliyowekwa mahali pa hatari, na mchezaji hayahitaji ili asonge mbele. Kadhalika, mchezo unamruhusu yeyote aliyezidiwa kupunguza kasi au kujipa nguvu za ziada, bila kumdhihaki. Kijana wangu alijua yote hayo, akayaacha mepesi, akayafuata matunda yote.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita mzazi mwingine aliniletea kijana aliyekuwa akicheza usiku kucha, nami bila kuuliza ni mchezo gani nikamshauri aifungie mashine kabatini. Ilifungiwa. Baada ya miezi mitano mzazi alirudi. Kijana alikuwa amehamia kamari ya simu, na karo ya muhula ilikuwa imekwenda nayo.

Kwa macho ya mzazi, hayo mawili hufanana: kijana ameinama, kioo kinamwaka usoni, hasikii akiitwa. Lakini yanatofautiana sana. Mwaka 2009 Luke Clark wa Cambridge na wenzake walionyesha kwamba mcheza kamari anapokosa kwa kidogo tu, sehemu za ubongo zinazoshughulikia ushindi huamka, na hamu ya kuendelea huongezeka, ingawa hakuna alichojifunza, kwa kuwa bahati haijifunzwi. Katika mchezo wa ustadi, kukosa kwa kidogo ni habari ya kweli: mkono wako umekaribia. Katika kamari ni habari ya uongo. Kwa hivyo siku hizi, kabla ya kumshauri mzazi lolote, nauliza kwanza: je, mchezo huu unamdai pesa kila anaposhindwa? Je, anacheza vizuri zaidi kuliko mwezi uliopita?

Sisemi kwamba michezo migumu haina madhara. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi, ambayo ilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona unavyomharibu. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Tazama kwamba idadi ya vifo haimo, wala idadi ya saa. Ukitaka kujua, angalia kilichoachwa: je, ameacha kuoga, kula pamoja na wengine, kwenda mpirani, kusoma?

Kijana wa Buruburu alikuwa ameacha mambo mawili. La kwanza ni usingizi. Alikuwa akilala saa tisa usiku. La pili ni marafiki zake wa shule, kwa kuwa wengi walikuwa wamepata nafasi za vyuo naye akaona aibu kupokea simu zao. Mchezo haukuwa umeleta aibu hiyo. Ulikuwa umempa mahali pa kukaa wakati akiwa nayo. Ningeuchukua, angebaki na aibu peke yake.

Tulikubaliana, yeye, mama na mimi, kwamba mashine izimwe saa tano usiku na aje kuniona kila baada ya majuma mawili. Katika ziara ya tatu alisema amejiandikisha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi. Anafanya karatasi za miaka iliyopita za Hisabati, na kila anapokosa huandika kando ni hatua gani iliyomponza. Mtihani bado. Mama anasema lile neno bado hulisikia ukutani, lakini siku hizi husikika mapema jioni.

Mwisho, habari ya mikono. Mwaka 1990 jarida moja la utabibu la Marekani lilichapisha barua ya daktari kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa vibaya na kidole gumba baada ya kubonyeza vitufe vya Nintendo kwa saa tano mfululizo. Nami niliazima Cuphead kwa mpwa wangu kwa ajili ya makala haya, na gumba langu la kulia liliniuma siku nne. Dawa ni kupumzisha mkono kila baada ya dakika 45 hivi, kunyoosha vidole, na kuacha kabisa maumivu yakianza. Ganzi au udhaifu wa vidole ukidumu zaidi ya juma moja, mwone daktari. Anayepatwa na kizunguzungu au mtukutiko wa mwili mbele ya mwanga unaomweka, aache mara moja na achunguzwe kifafa. Na ukimsikia mwanao akisema "nimekufa" ilhali hakuna mashine yoyote iliyowashwa, usingoje majuma matatu. Mwulize usiku huohuo.