Mche wangu umedumaa?

Swali: Mche wa mgunga nilioupanda kwenye kiriba hapa Dodoma haukui. Umedumaa? Na mizizi hujuaje maji yaliko?

Jibu: Haujadumaa, unachimba. Mgunga mchanga hutanguliza mzizi mkuu kabla ya kurefusha shina. Mzizi haunusi maji ya mbali: uvutano wa dunia huuelekeza chini, na ncha yake hujipinda kufuata unyevu inaougusa. Huko Kalahari, Botswana, mzizi wa mti wa Boscia albitrunca ulikutwa mita 68 ardhini! Mbuyu, jitu lile, hufanya kinyume: hutandaza mizizi juujuu, ukanywa mvua upesi na kuihifadhi shinani. Mche wako uhamishie shambani mvua za kwanza zikinyesha, kabla mzizi haujajikunja kiribani.