Somo: Stafilokoki Hazifanani Zote

Kwa mikroskopu na rangi ya Gram, stafilokoki zote ni mviringo, za violeti, zimeungana sawa kichala cha zabibu. (Wengi wetu tunajua zabibu paka katika Biblia, basi muwaze kichane cha ngazi.) Macho peke yake hayatoshi.

Kwanza katalase. Chukueni koloni kidogo kwa kijiti cha mti, wekeni juu ya kioo, ongezeni tone la maji ya oksijeni ya 3%. Povu likitoka mara moja, ni stafilokoki, streptokoki haitoi. Musichote damu ya sahani, maana damu yenyewe inatoa povu.

Kisha koagulase, na hapa ndipo kuna kazi. Staphylococcus aureus inagandisha plasma, epidermidis haigandishi. Juu ya kioo, changanyeni koloni na tone la maji ya chumvi. Ikijikusanya yenyewe mbele ya plasma, jaribio lile halina maana. Ikibaki laini, tieni plasma ya sungura. Aureus inafanya chembechembe ndani ya sekunde 10. Lakini kama hakuna kitu, musiandike bado «si aureus». Ziko aureus zinazokataa kwa kioo.

Katika hospitali moja nilipofanya kazi zamani, waliandika jibu la kioo peke yake: «uchafu wa ngozi». Damu ilikuwa ya mtoto mwenye homa na maumivu ya paja. Dawa ikakatwa. Siku ya tatu mguu ukavimba, usaha ulikuwa umefika ndani ya mufupa. Tube ingeweza kutuambia kwa saa 4.

Kwa tube: plasma 0.5 ml, koloni chache, joto la 37. Angalieni kila saa mpaka saa 4. Inamisheni polepole, musitikise. Isipoganda, iacheni mpaka saa 24. Aureus zingine zinagandisha plasma, kisha zinaiyeyusha tena. Anayekuja kuangalia paka asubuhi ataona maji tu. Kila mara wekeni pembeni tube ya aureus inayojulikana na tube ya epidermidis, ili mujue plasma ingali nzuri.

Tena epidermidis si uchafu siku zote. Ikiota katika chupa moja tu ya damu, mara nyingi ilitoka kwenye ngozi iliyopanguswa vibaya. Ikiota katika chupa mbili zilizochukuliwa mikono mbalimbali, munganga aambiwe leo leo, zaidi kama ni mtoto mchanga mwenye sindano ya serumu.

Inabaki saprophyticus, ya mkojo wa wasichana na mama vijana wanaosikia moto wakikojoa. Nayo haigandishi plasma, kwa hiyo wengi wanaitupa. Wekeni disiki ya novobiosini ya mikrogramu 5: epidermidis inakimbia na kuacha duara tupu, saprophyticus inaota karibu kabisa na disiki. Andikeni jina lake kwenye karatasi ya mgonjwa.